Miezi Minane ya Kunyamaza

Kaka yangu ni fundi tairi, na kama hujawahi kuishi karibu na fundi tairi nikuambie mapema: hawa ni watu wanaojua kusikiliza vitu kuliko kusikiliza binadamu. Kama huniamini, muulize mkewe.

Karakana yake imepakana na chumba changu cha kushonea. Kinachotutenganisha ni ukuta wa mabati tu. Miaka kumi na moja sasa nashona magauni ya watu huku kompresa inanguruma upande wa pili, nyundo inagonga rimu, mtaimbo unaanguka sakafuni. Wateja wangu wananiuliza nawezaje. Kelele nimezizoea, kinachonishinda ni kaka mwenyewe.

Ana tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Wenzake wakishajaza tairi upepo, wanalizungusha kwenye karai la maji watazame mapovu yanatokea wapi. Yeye hapana. Anazima kompresa, ananyanyua mkono juu, kiganja wazi, na kila aliye pale lazima anyamaze. Mteja ananyamaza, dereva ananyamaza, hata mimi huku kwangu nikisikia kompresa imezimwa natoa mguu kwenye cherehani. Kisha anainama, anaweka sikio karibu na mpira, anasikiliza. Tundu dogo kama la sindano analisikia likipuliza. Ndiyo maana watu wanamwita Sikio. Jina lenyewe analipenda sana, ingawa ukimwita anajifanya hakusikia.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, tunamwita Nati. Alipokuwa anatambaa aliokota nati kwenye karakana akaimeza, tukakaa siku mbili tunaisubiri itoke kama watu wanaosubiri mgeni wa heshima. Ana miaka tisa. Kabla ya yote haya alikuwa mtoto wa kuongea mpaka unamwonea huruma mwalimu wake, lakini baba akinyanyua mkono, na yeye ananyanyua wake, anafumba mdomo, macho yanamtoka kwa raha ya kushiriki kazi ya watu wazima.

Siku ya ajali ilikuwa mchana, shule zimefungwa, Nati anashinda karakana. Dereva wa lori alikuwa ameleta tairi na ana haraka zake. Mimi nilikuwa napindua pindo la sketi. Nikasikia kompresa imezimwa, nikatoa mguu kama kawaida. Kukawa kimya. Halafu ukuta wote wa mabati ukaja kwangu.

Nilipotoka nje masikio yananivumia, kaka alikuwa amepiga magoti karibu na nguzo, anaita jina la mwanawe lakini mimi nauona mdomo tu. Tairi lilikuwa limepasuka, na ringi ya chuma inayolishikilia kwenye rimu imetoboa dari. Nati alitupwa kwenye nguzo. Mkono ulivunjika juu ya kiwiko, na kichwa kilijigonga, akapoteza fahamu kwa dakika chache ambazo mimi hadi leo siwezi kuzipima. Kaka alipata mchubuko. Kila aliyemuuliza aliambiwa maneno yale yale: "Ajali tu. Ringi imeruka yenyewe."

Hospitali wakampiga picha ya kichwa. Safi, hakuna damu iliyovujia ndani, hakuna ufa. Siku tisa akaruhusiwa, wiki sita hogo, ile plasta ya mkono, likakatwa, na mkono ukanyooka vizuri kabisa. Wifi yangu, mama yake Nati, ambaye anafanya usafi maofisini na hana muda wa kulia hovyo, siku ile ya kukata hogo alilia kwa furaha kwenye korido. Tukadhani tumemaliza.

Kumbe ndipo tulipoanza kuchanganyikiwa.

Kwanza ilikuwa tumbo. Kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Tukasema ni uvivu. Halafu akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka tisa, anayaficha mashuka chini ya kabati na sisi tunajifanya hatujui. Anauliza mara tatu kama mlango umefungwa. Darasani mwenzake alimgusa bega kwa nyuma, kumwomba kifutio tu, Nati akageuka na kumpiga rula ya uso. Na yule mtoto aliyekuwa anakariri jedwali la kumi na mbili huku anaruka kamba, sasa ukimuuliza saba mara nane anafungua mdomo, anaufunga, anakutazama kama umemuuliza njia ya kwenda mwezini. Kesho yake, bila kuulizwa, anakutajia hamsini na sita akiwa anaosha vyombo. Leo anajua, kesho hajui. Mimi hilo ndilo lililonitia wazimu. Kama kitu kimepotea, si kipotee moja kwa moja tujue?

Kaka akatoa amri. Alisema mtoto ameumizwa na kelele, kwa hiyo kelele ziishe. Na kaka yangu akishika jambo halishiki kwa vidole, analishika kwa mikono yote miwili. Akavisha nyundo kipande cha tyubu. Milango ya nyumbani akaibandika mpira kwenye kingo isigonge. Redio ikahamia kabatini. Nati akitokea karakana, kompresa inazimwa, kaka ananyanyua mkono, na wateja wote wanakaa kimya, wanaume wazima na spana zao mikononi, kama wamefiwa. Nyumbani hivyo hivyo. Tunaongea, tunacheka, mtoto anaingia sebuleni, mkono unapanda juu, kimya. Na mimi nilikuwa askari wake mkuu. Mgeni akicheka kwa sauti nilikuwa namkata jicho mpaka anaaga.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Kaka akaongeza kimya. Ikazidi tena.

Mahali pekee mtoto alipokuwa anapata usingizi wa maana ni kwangu, chini ya meza ya kukatia vitambaa, mchana akitoka shule. Nashona, cherehani linatatarika juu ya kichwa chake, yeye analala fofofo na mabaki ya vitambaa kwenye nywele. Siku moja kaka akachungulia, akanikunjia uso, akanyanyua mkono. Nikatii, nikatoa mguu. Haikupita nusu dakika Nati akaruka, kichwa kikagonga meza, mikono imeziba masikio.

"Umeona?" kaka akaniambia. "Mashine yako imemshtua."

"Mashine ilikuwa imezimwa, kaka."

"Basi ni kwa sababu ilikuwa imewashwa kabla."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini nilimwona alivyokonda, nikameza maneno yangu. Ukweli ni kwamba na mimi sikuwa na maelezo bora kuliko hayo.

Mwezi wa saba baada ya ajali mwalimu mkuu akatuita. Nilikwenda na wifi, kwa sababu kaka alisema akienda yeye atagombana. Mwalimu mkuu ni mama mpole, hakutuzungusha. Nati alikuwa wa tatu darasani, sasa ni wa mwisho. Hajibu maswali. Kwenye majaribio anarudisha karatasi nyeupe. Mara mbili amekimbia kutoka chumba cha mtihani.

"Mimi siyo daktari, mama," alimwambia wifi, "lakini naona ubongo umeguswa. Hapa hatuwezi kumsaidia. Muhula ukiisha bila mabadiliko, nitaandika barua ahamishiwe shule yenye darasa la watoto wazito wa kujifunza. Bado wiki tano."

Tulipofika kona ya nyumbani wifi akasimama, akaniuliza, "Wifi, na wewe unaona mwanangu ameharibika?" Nikamwambia sioni hivyo. Nilimdanganya. Nilikuwa sijui naona nini.

Ndipo tukaenda kwa daktari wa watoto ambaye hospitali ilikuwa imetuandikia jina lake toka mwanzo, na sisi karatasi tukaitia kwenye droo kwa sababu mkono ulikuwa umeshapona. Chumba chake kina viti vya plastiki vya watoto, na yeye mwenyewe anavua viatu na kutembea na soksi. Nati alimwita Daktari Soksi, siyo mbele yake.

Alimpima mtoto, akacheza naye, akamtuma nje na mama yake. Halafu akatugeukia mimi na kaka.

"Mtoto akiumia vibaya," alisema, "mwili unawasha king'ora. Moyo unakwenda mbio, damu inajaa kemikali za hofu, awe tayari kupigana au kukimbia. Hiyo ni kazi nzuri, inaokoa maisha. Hatari ikipita, king'ora kinatakiwa kizimike. Kwa watoto wengi kinazimika chenyewe. Kwa baadhi hakizimiki vizuri. Kinalia kwa chini kutwa, na jambo dogo linakipandisha. Sasa ubongo ulio kwenye hali hiyo hauna nafasi ya saba mara nane. Ile sehemu inayokaa chonjo imechukua nguvu za ile inayokumbuka na kutulia. Ongezea usingizi mbovu, ndiyo mnayaona haya."

Kaka alikuwa amekunja mikono. "Kwa hiyo kichwa kimeharibika au hakijaharibika?"

"Hakijavunjika. Kinafanya kazi kupita kiasi."

"Daktari, tairi lina pancha au halina."

"Mtoto siyo tairi, baba." Alisema bila kucheka. "Tukimwacha hivi miaka na miaka, ubongo unaokua unaweza kuizoea hofu na hilo litamgharimu. Lakini kwa kuwa bado unakua, unaweza pia kufundishwa kutulia. Nataka kujua kinachopandisha king'ora. Niandikieni wiki tatu. Kila anaposhtuka, andikeni nini kilikuwa kinaendelea kabla. Siyo baada. Kabla."

Kazi ya kuandika nilipewa mimi, maana kaka akishika daftari linabaki na alama za vidole vyeusi kuliko maandishi. Niliandika kwa uaminifu, na nikawa nawauliza mwalimu wa darasa na wifi. Bado ninalo. Jumanne: darasani, jaribio la hesabu, mwalimu kasema kila mtu atulie, akakimbilia mlangoni. Alhamisi: nyumbani, umeme umekatika, feni imesimama; akaja kunishika gauni. Jumamosi: sokoni, muuza viatu anatangaza na spika mbovu, mlio wa kuchana masikio, Nati anakula karanga, hana habari. Jumapili: wageni wanaongea, kaka kanyanyua mkono, mtoto kajificha nyuma ya kochi. Jumatatu, kaka kanyanyua mkono karakana, kajificha. Jumatano, kaka, kajificha.

Nililisoma mara nne na nikaona kitu kimoja tu: kaka, kaka, kaka. Basi akili yangu, ambayo ikipotea haiulizi njia, ikanipeleka pabaya. Nikafikiri anampiga. Nilimwita Nati nikasema nampima gauni, nikamvua shati, nikamzungusha polepole na tepu yangu ya kupimia, natafuta alama mgongoni, mbavuni, mapajani. Hakukuwa na kitu, zaidi ya kovu la mkono. Nikampima kweli, nikamshonea gauni kwa aibu. Wiki nzima sikumtazama kaka usoni, na yeye akadhani nimekasirikia karakana.

Tulirudi kwa Daktari Soksi wote wanne. Zilikuwa zimebaki siku nane muhula uishe. Aliweka daftari mezani, akalifungua, akalisoma bila haraka, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika kwa muuza viatu akarudi juu, akaanza upya. Kisha akamuuliza kaka.

"Siku ya ajali, kabla tairi halijapasuka, kulikuwa na sauti gani?"

"Hakukuwa na sauti. Nilikuwa nimezima kompresa nisikilize."

"Unasikilizaje?"

Kaka akamwonyesha. Akanyanyua mkono juu, kiganja wazi. Nati alikuwa sakafuni na penseli za rangi. Alipoona mkono ule alijikunja, akaingiza kichwa katikati ya magoti. Wifi akamshika. Kaka aliutazama mkono wake mwenyewe ulioko juu, akaushusha taratibu, akaukalia.

Ndugu yangu unayesoma, ningeweza kuzimia. Hofu ya mtoto haikuwa kelele, ilikuwa kimya. Kelele zilimwambia mambo yako sawa, watu wanafanya kazi. Kimya ndicho kilichokuja kabla ya kuumia. Na sisi miezi minane tumekuwa tunamkaribisha kwenye kila mlango kwa kimya kile kile na mkono ule ule, kwa upendo, na mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza waliokuwa wanacheka.

Daktari alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni karibu na mtoto. Alisubiri mpaka pumzi yake ikatulia.

"Nati, siku ile baba alinyanyua mkono. Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Daktari hakumhimiza. Aliokota penseli ya kijani akaanza kuchonga.

"Niliongea," Nati alisema.

"Ulisema nini?"

"Nilimuuliza baba kama lishajaa. Na alikuwa ameshanyanyua mkono. Nilisahau kunyamaza." Alikuwa anaongea na penseli. "Ndiyo likapasuka."

Kaka aliinuka, akakaa tena, hakujua aende wapi. "Hapana," alisema. "Nati, hapana. Tairi halipasuki kwa sababu mtu ameongea."

"Lakini mnanyamaza wote," mtoto akasema. "Mpaka nyumbani. Mimi nikija, mnanyamaza."

Daktari mwenyewe alitazama soksi zake. Mimi nilifikiria karatasi nyeupe za mtihani, zile mwalimu mkuu alizoziona kama dalili kwamba ubongo umeguswa, na mtoto wa miaka tisa amekaa kwenye chumba cha watu arobaini walioambiwa watulie, amefumba mdomo kwa nguvu zake zote ili wenzake wasiumie. Nililia hadharani na sikujali.

Kaka alishuka sakafuni. Ni mtu mkubwa, viti vile vya watoto aliviangusha viwili. Alikaa mbele ya Nati, na kabla hajasema alimtazama mkewe, nikajua kuna kitu kinakuja ambacho hata mimi sikijui.

"Sikukusikia ukiuliza," alisema. "Sikusikia chochote. Tairi la lori linajazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Kila fundi anajua. Ringi ikiruka, inabaki mle. Mimi kizimba changu nilikuwa nimekijaza matairi mabovu. Niliona uvivu kuyatoa, dereva ananiharakisha. Na ringi ilikuwa na kutu. Niliiona. Nikasema itashika. Nilijaza nje, na wewe ukiwa umesimama pale. Ni mimi, Nati."

Wifi alichukua mkoba wake akauweka mapajani kama mtu anayetaka kuondoka, halafu akaurudisha chini.

"Uliniambia ringi iliruka yenyewe," alisema.

"Nilikuambia hivyo."

"Miezi minane."

"Ndiyo."

Sijui walisemezana nini baadaye. Ninachojua ni kwamba kwa muda mrefu baada ya siku ile wifi alikuwa akimpa chakula na kugeuka, na kaka hakulalamika. Kama watavuka au hawatavuka, mimi si mtabiri.

Lakini Nati alikuwa bado anamtazama baba yake, amekunja uso kama zamani alipokuwa anapiga hesabu.

"Kwa hiyo sio mimi?"

"Sio wewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari alisema atamwandikia mwalimu mkuu barua asimhamishe, Nati akae karibu na dirisha la upande wa barabarani, na mtihani afanyie ofisini ambako kuna mashine na watu wanaongea. Alisema mtoto atakuja kila wiki, kwa miezi, na kuna siku atarudi nyuma tukadhani hatukufanya kitu. Mimi nilikuwa naitikia tu, nusu ya maneno yananipita.

Tulirudi kwa miguu. Wifi mbele, kaka nyuma kabisa, mimi na Nati katikati. Hatua chache za mwanzo tulikuwa kimya, na nikaogopa kile kimya kuliko nilivyowahi kuogopa mlio wowote, lakini sikupata cha kusema. Mtoto ndiye aliyeanza. Alisema daktari ana soksi zenye tundu kwenye kidole gumba. Kisha akasema yule mwenzake aliyepigwa rula alikuwa anataka kifutio tu, na yeye anavyo viwili. Akaongea, akaongea, sauti inapanda. Katikati ya sentensi akakatisha. Akasimama barabarani, akatutazama mmoja mmoja, mama yake, mimi, baba yake kule nyuma, akasubiri.

Hakikutokea kitu. Akaendelea.